UCHAMBUZI: Gari lililobadilishwa lipimwe kwa breki, si kwa mngurumo

KUNA magari ya aina tatu ambayo yakipita katika barabara za Nairobi, mtu hawezi kujizuia kugeuza shingo. La kwanza ni gari la kale, tuseme Peugeot 504 au Volkswagen yenye umbo la kobe, lililosuguliwa likang'aa kana kwamba limetoka kiwandani jana. La pili ni Subaru iliyoshushwa hadi ikakaribia kugusa lami, rimu zake pana, na ekzosi yake ikinguruma hata inaposubiri taa za trafiki. La tatu ni matatu ya kisasa, maarufu kama nganya, iliyochorwa sura za wanamuziki na wanasoka kuanzia kwenye boneti hadi nyuma.

Wenye magari hayo wote hujiita wapenzi wa magari. Hata hivyo, wakikutanishwa mahali pamoja hawakawii kurushiana maneno. Wa magari ya kale hushikilia kuwa gari lazima libaki jinsi mtengenezaji alivyolikusudia, na kwamba kulitia rimu za kisasa ni sawa na kumvisha babu suruali ya kubana. Wa Subaru hujibu kwamba gari lisiloguswa ni la kuwekwa kwenye makumbusho, na kwamba raha ya gari ni kulifanya lipite pale kiwanda kilipoliachia. Wa nganya nao huwatazama wote wawili na kuuliza swali moja: kati yetu, gari la nani linalisha watu?

Kwa miaka mingi ubishi huo ulikuwa burudani ya vijiweni na kwenye gereji. Sasa una uzito mwingine. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Trafiki kinataka hata magari ya kibinafsi yakaguliwe yanapopitisha miaka minne tangu kuundwa, lakini kwa muda mrefu agizo hilo lilibaki kwenye karatasi. Mwaka wa 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi ili wananchi waijadili, na hapo ndipo kila aliyewahi kubadilisha chochote kwenye gari lake alipoanza kujiuliza: je, mkaguzi akiinama chini ya gari langu, ataona ufundi au ataona kosa?

Hilo ndilo swali linalostahili kujibiwa kabla ya kanuni zozote kutekelezwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wapenzi wa magari na Serikali wote wamekuwa wakitazama mahali pasipofaa. Wanabishana kuhusu sura na sauti, ilhali kinachoua barabarani hakionekani wala hakisikiki.

Mapenzi haya yalianza zamani. Mwaka wa 1953, mashindano ya magari yaliandaliwa kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mwaka wa 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, Mkenya aliyeijua kazi ya ufundi kwa mikono yake mwenyewe, akisaidiwa na nduguye Jaswant. Waliendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa gari lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano, wakalinunua, wakalitengeneza upya na kuwashinda waliokuja na magari mapya. Joginder alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Kijana aliyesimama kando ya barabara akitazama magari hayo yakipita alijifunza jambo moja ambalo halijamtoka hadi leo: gari linaponunuliwa, kazi haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Magari ya Safari yalitiwa springi ngumu zaidi, yakakingwa kwa mabamba chini ya injini, yakafungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama na kuongezewa taa kwa ajili ya usiku. Kila kilichoongezwa kilikuwa na sababu.

Kisha zikaja zama za Subaru. Patrick Njiru alizoeza macho ya Wakenya kuiona nembo hiyo mashindanoni. Mwaka wa 1997 Colin McRae wa Scotland alishinda Safari Rally akiwa na Impreza ya rangi ya samawati yenye rimu za dhahabu, na mwaka wa 2000 Richard Burns akashinda na gari la nembo hiyo hiyo. Mashindano hayo yaliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea Naivasha mwaka wa 2021. Katika miaka hiyo ya kiangazi, mashabiki hawakulala. Walikuwa wakinunua Impreza, Legacy na Forester zilizotumika Japan na kuzigeuza kuwa Safari Rally yao wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake.

Wa magari ya kale nao wana ukumbi wao. Tangu 1970, mashindano ya urembo wa magari yajulikanayo kama Concours d'Elegance yamekuwa yakiandaliwa Nairobi na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, na kwa miaka mingi uwanja wake umekuwa ule wa mbio za farasi barabara ya Ngong. Asiyewahi kufika hapo hudhani kwamba majaji hutazama rangi tu. La hasha. Wao huinama chini ya gari, hufungua boneti, hukagua viti na kujaribu taa. Tone la mafuta lililosahaulika linaweza kumnyima mtu tuzo aliyoitolea jasho mwaka mzima.

Tabia hiyo ya kuinama ina funzo ambalo tutalirudia. Lakini kwanza ni sharti tukiri kwamba hata hawa wanaojiita walinzi wa mambo ya asili hawajaepuka kubadilisha. Vipuri vya gari la miaka ya 1960 haviuzwi barabara ya Kirinyaga, wengi wakiijua kama Grogan, jinsi vinavyouzwa vya Toyota. Mwenye Land Rover ya zamani ambayo injini yake imekufa huishia kuitia injini ya dizeli ya Kijapani ili iendelee kutembea. Je, hilo bado ni gari la kale, au ni gari jipya lililovaa ngozi ya kale? Waulize wapenzi watano wa magari upate majibu sita.

Sheria ya kuagiza magari imezidisha ubishi huo. Kwa kawaida Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe likiwa limepitisha miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kwa jinsi Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) linavyohesabu, gari lililosajiliwa mwaka wa 2019 mwaka wake wa mwisho kuingia ni 2026. Madhumuni ya sheria hii ni mema, maana hakuna anayetaka nchi iwe jaa la vyuma chakavu. Lakini ina matokeo ambayo watunzi wake hawakuyapigia hesabu. Toyota iliacha kuunda Mark X mwaka wa 2019. Kwa hivyo gari hilo, linalopendwa mno na vijana wa mijini, linafungiwa mlango. Zile zilizoko humu nchini ndizo zilizopo. Zitatunzwa, zitatengenezwa, zitabadilishwa injini na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono kwa miaka 20 au 30 ijayo, kama ilivyokuwa kwa Peugeot 504. Gari la kubadilishwa la leo ndilo gari la kale la kesho.

Nganya nazo zina historia ya kuvutana na Serikali. Kanuni zilizotangazwa mwaka wa 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikafifia. Mnamo Novemba 2014, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba matatu ziachwe zichorwe, kwa sababu ni ajira ya vijana. Wachoraji, washona viti, wachomeleaji na mafundi wa muziki wakarudi kazini.

Tazama basi jinsi mjadala wa miaka hiyo ulivyokwenda. Mara rangi imepigwa marufuku, mara imeruhusiwa. Ilhali rangi haijawahi kumwua abiria. Kinachomhusu abiria ni kama kioo kimefunikwa na mchoro hata dereva haoni kando, kama mlango wa dharura umezibwa na spika, na kama uzito wa vyuma, skrini na muziki ulioongezwa umelingana na breki ambazo hazikuongezwa.

Tuzungumzie sasa mambo ya chini ya gari, kwa maana hapo ndipo ukweli ulipo. Mtu anapotaka Subaru yake iende kwa kasi zaidi, njia ya mkato ni kuongeza shinikizo la turbo ili injini ivute hewa nyingi. Hewa ikizidi bila mafuta kuongezwa kwa kipimo kinachofaa, joto hupanda na pistoni huharibika. Huo ni msiba wa mwenye gari peke yake. Msiba wa wengine huanzia kwenye breki. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa lina nguvu ya mwendo inayozidi mara mbili ile ya gari hilo hilo likienda kilomita 80. Nguvu hiyo yote lazima imezwe na breki na matairi. Anayetumia akiba yake yote kwenye turbo na ekzosi, kisha akabakiza breki za kiwandani zilizochakaa, amenunua mwendo asiokuwa na uwezo wa kuusimamisha.

Hali ni hiyo kwa wanaoshusha magari. Zipo springi fupi zilizoundwa mahsusi kwa kazi hiyo, nazo zikifungwa vizuri gari hukaa imara kwenye kona. Lakini zipo pia zile springi za kawaida zilizokatwa kwa msumeno wa umeme katika gereji ya kando ya barabara. Kwa macho, magari hayo mawili ni pacha. Kwenye tuta au shimo, moja litatulia na jingine litaruka. Vilevile taa: balbu zenye mwanga mkali kupindukia zikitiwa ndani ya taa isiyotengenezewa balbu hizo, mwanga hutawanyika na kumpofusha dereva anayekuja upande wa pili. Mwenye gari anaona mbali zaidi, wa mbele yake haoni kabisa.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sheria yetu inasemaje kuhusu haya? Inataka gari lisiwe katika hali ya kuhatarisha watu, na inamtaka mwenye gari aarifu anapobadilisha rangi au injini. Zipo pia kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA). Tatizo ni kwamba hati ya usajili huonyesha nambari ya injini, rangi, aina ya mwili na idadi ya abiria, lakini haina mahali pa kuandika kwamba springi zilibadilishwa, breki zikaongezwa ukubwa, au turbo ikatiwa. Mabadiliko makubwa zaidi kwenye gari ndiyo yasiyoandikwa popote.

Pengo hilo lina hasara tatu. Ya kwanza ni barabarani. Afisa wa trafiki asiye na karatasi ya kumwongoza hubaki na macho na masikio yake. Husimamisha gari lenye kelele na kuliacha lenye springi zilizokatwa. Na pale ambapo kosa halikuandikwa waziwazi, ndipo mazungumzo ya 'kitu kidogo' huanzia.

Ya pili ni kwenye bima. Mkataba wa bima hutegemea ukweli wa anayeichukua. Mwenye gari aliyenyamaza kuhusu injini aliyoiongezea nguvu anaweza kukataliwa fidia ya gari lake siku ya ajali, baada ya kulipa ada miaka nenda miaka rudi. Wengi hunyamaza si kwa hila bali kwa sababu hawana cheti chochote cha kuonyesha kwamba kazi ilifanywa ipasavyo.

Ya tatu, na labda iliyo kubwa, inamwangukia mnunuzi wa pili. Magari haya huuzwa. Kijana huoa, hupata watoto, huuza Subaru yake na kununua gari la familia. Anayeinunua huvutiwa na rangi na mngurumo, pengine akaitumia kumpeleka mtoto shuleni. Hajui nani alikata nini, wala lini. Kisha naye huiuza.

Sasa yupo atakayesema dawa ni rahisi: mabadiliko yote yapigwe marufuku. Huyo na aende kwenye mbuga ya Maasai Mara atazame magari ya watalii. Land Cruiser zilizorefushwa ili kubeba wageni zaidi, zikatiwa paa la kufunguka ili watu wasimame na kupiga picha, hazikutoka kiwandani zikiwa hivyo. Zilikatwa na kuungwa katika karakana za humu nchini. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2017 na ambayo sasa inajulikana kama Roam, ilianza kwa kuondoa injini za magari kama hayo na kuyatia mota za umeme. Hakuna anayeziita hizo uhuni. Tunaziita utalii na teknolojia. Ni wazi basi kwamba nchi hii haipingi kubadilisha magari. Inachagua tu ni mabadiliko ya nani yaheshimiwe.

Nchi nyingine zimepata njia. Ujerumani, ambako ukaguzi huchukuliwa kwa uzito mkubwa, kipuri kinachoweza kugusa usalama hupimwa na mtaalamu, na inapobidi badiliko hilo huandikwa katika hati za gari. Mnunuzi husoma na kujua. Tangu 1997, gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa karibu na asili yake linaweza kupewa nambari maalum yenye herufi H, ishara kwamba ni sehemu ya historia. Uingereza nayo, tangu Mei 2018, imeyaondolea magari mengi yaliyopitisha miaka 40 ukaguzi wa kila mwaka, mradi yasiwe yamebadilishwa kwa kiasi kikubwa. Ukilibadilisha sana, unarudi kwenye foleni ya ukaguzi kama wengine.

Kenya haihitaji kunakili yote hayo. Inahitaji kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa kwa muda mrefu: pambo na mtambo. Rangi, michoro, viti na rimu za kipimo kinachokubalika ni pambo; mwenye gari aachwe na ladha yake. Breki, usukani, springi, taa, matairi, fremu na nguvu ya injini ni mtambo. Vinapobadilishwa, vipimwe mara moja na mtu anayejua anachopima, kisha viandikwe katika rekodi ambayo mnunuzi, kampuni ya bima na polisi wanaweza kuisoma. Kelele ipimwe kwa chombo, si kwa hasira ya afisa.

Wapinzani wa hatua hii wana hoja nzito. Wanasema ukaguzi utakuwa mrija mwingine wa kufyonza wananchi, na kwamba vyeti vitanunuliwa bila gari kufika kituoni. Hofu hiyo haikutoka hewani. Matatu zimekuwa zikikaguliwa miaka yote, na bado tunaziona nyingine zikipita zikiwa na matairi laini kama kiganja. Lakini jibu la ukaguzi mbovu si kukosa ukaguzi. Jibu ni kuweka matokeo ya kila kipimo wazi, kwa nambari ya gari, ili aliyepitisha breki mbovu ajulikane kwa jina siku zitakaposhindwa.

Kuna pia fundi wa jua kali, ambaye ndiye roho ya utamaduni huu wote. Mikono iliyorefusha Land Cruiser na kuchomelea nganya mara nyingi haina cheti. Kanuni zikija zikidai karatasi tu, zitamfungia nje na kuwapa kazi wenye maduka makubwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) imekuwa ikiwatahini mafundi na kuwapa vyeti vya daraja mbalimbali, hata wale waliojifunza kazini. Mlango huo upo. Upanuliwe uwafikie wanaofunga springi, breki na turbo, nao wawe watu wa kwanza kutia sahihi kwamba kazi hii ni yangu na ninaijibia. Fundi mzuri atafaidika, kwa sababu leo anashindana kwa bei na yule wa msumeno.

Wenyewe wapenzi wa magari nao wana deni. Vyama na makundi yao yanajua vyema ni gari lipi limetengenezwa kwa akili na lipi kwa pupa. Katika mikutano yao husifu mngurumo na kupiga picha rimu. Laiti wangeiga wale wa Concours wakaanza kuinama na kutazama chini ya gari kabla ya kulipigia makofi, kijana mwenye Sh50,000 za kutumia angeelewa kwamba heshima inaanzia kwenye breki na matairi, na ekzosi inaweza kusubiri mwezi ujao.

Ubishi kuhusu gari lipi ni zuri hautaisha, wala hauna haja ya kuisha. Mwenye 504 ataendelea kumcheka mwenye Subaru, na nganya itawapita wote wawili ikipiga honi. Lakini siku mvua inaponyesha na mtoto akavuka barabara ghafla, magari hayo matatu yatakuwa na kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kusimama.